Salamu za 9 Desemba: Mkarafuu, Mpamba na Mwenge

Wazee wangu shikamooni, na ndugu zangu wote hamjambo. Nawatakieni heri ya Sikukuu ya Uhuru popote mlipo, mlio nyumbani na mlio ugenini.

Wiki hii mpwa wangu wa darasa la nne aliikuta pasipoti yangu mezani, akaanza kufuata kwa kidole mistari ya dhahabu ya nembo ya Taifa iliyo kwenye jalada. "Mjomba, mbona huyu baba ana mmea wake, na mama ana wa kwake?" Nikamweleza kwamba miguuni pa mwanamume ni mkarafuu na miguuni pa mwanamke ni mpamba, na kwamba wote wawili, kila mmoja ameshika pembe ya ndovu, wamesimama juu ya mlima mmoja, Kilimanjaro. Akafikiri kidogo, kisha akauliza kama wameoana. Nilimjibu kwamba karafuu ni ya visiwani, na kwamba 26 Aprili 1964 Tanganyika na Zanzibar ziliungana, hata bendera yetu ikapata buluu yake.

Swali lile halijanitoka kichwani, kwa sababu limenikumbusha kwamba utaifa hauingii moyoni kwa tamko. Huingia kwa kidole cha mtoto kinachofuata mchoro, na kwa mtu mzima aliye karibu kumweleza maana yake.

Ndani ya ngao ya nembo hiyo kuna mwenge. Miaka miwili kabla ya uhuru, Mwalimu Nyerere alisema tungependa kuuwasha na kuuweka juu ya Kilimanjaro, umulike hata nje ya mipaka yetu, ulete tumaini pale ambapo hakuna matumaini, upendo palipo na chuki na heshima palipojaa dharau. Taifa lenyewe lilikuwa halijazaliwa, lakini alama yake ilikwisha kusemwa. Uhuru ulipopatikana 9 Desemba 1961, Alexander Nyirenda aliupandisha mwenge pamoja na bendera hadi kileleni, na kilele kile ambacho Wajerumani walikuwa wamekipa jina la mfalme wao Wilhelm leo tunakiita Uhuru.

Jambo linalonigusa zaidi ni kwamba mengi tunayoyaona kuwa yetu kabisa hayakuanzia ndani ya mipaka yetu. Kitazameni kinyago cha ujamaa cha Wamakonde: gogo moja la mpingo, na ndani yake watu wamepandana, bega la huyu likiwa ngazi ya yule, mama na mtoto mgongoni, mzee chini akiwabeba wote, na huwezi kumtoa hata mmoja bila kuvunja kazi nzima. Wengi wa mafundi waliokijengea sifa kinyago hiki walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji, wakakaa kwetu, na mikono yao ikatuchongea sura tunayoionyesha kwa fahari kila mgeni anapofika. Wimbo wetu wa Taifa nao una sauti iliyotungwa na Enoch Sontonga wa Afrika Kusini mwaka 1897, na beti zake huanza kwa kuiombea Afrika ndipo zije kwa Tanzania. Mimi naupenda sana mpangilio huo, kwa maana unatufundisha adabu ya kumtaja jirani kabla ya kujitaja.

Hadithi nazo ni hivyo hivyo. Sungura mjanja na fisi mlafi wanajulikana Usukumani, Uhehe na Pwani, kila mahali kwa lugha na vituko vya pale, lakini watoto wa makabila mbalimbali wanapokutana bwenini, mmoja akisema "Paukwa!" wote huitikia "Pakawa!" bila kuulizana wametoka wapi. Naona huzuni pale televisheni inapoachiwa kazi hiyo peke yake jioni nzima.

Kwetu, jioni ya sikukuu, tutakaa uani baada ya ubwabwa. Mpwa wangu amekwisha kuomba zamu yake: atamsimulia mdogo wake habari za yule baba na yule mama waliosimama mlimani, na pasipoti yangu ameniomba aikabidhiwe tangu asubuhi.

Heri ya Uhuru, ndugu zangu.