Fraterniti za Kilatino zina taratibu zake

Ndugu Mhariri,

Tangu Kamala Harris agombee urais wa Marekani mwaka 2024, wasomaji wengi wa Kiswahili wamesikia habari za Alpha Kappa Alpha, sororiti (yaani chama cha udugu cha wanafunzi wa kike; cha wanaume huitwa fraterniti) ya wanawake weusi aliyojiunga nayo akisoma Chuo Kikuu cha Howard. Wengine wamewaona TikTok wasichana wa Chuo Kikuu cha Alabama wakikimbia na kupiga vigelegele siku ya kupokea mialiko ya kujiunga na sororiti kongwe. Magazeti yetu huyachanganya haya mawili kana kwamba ni chama kimoja, na vyama vya Walatino, yaani Wamarekani wenye asili ya Amerika ya Kilatini, havitajwi kabisa. Mzazi ambaye mwanawe anaanza masomo huko Agosti anastahili kuelezwa tofauti, kwa sababu zinagusa fedha, alama za darasani na hata viza.

Fraterniti na sororiti kongwe zilikuwa za Wazungu, na nyingi ziliweka ubaguzi wa rangi au dini katika katiba zao hadi miaka ya 1950 na 1960. Waliofungiwa mlango wakajenga nyumba zao. Phi Iota Alpha ilianza mwaka 1931 katika chuo cha uhandisi cha Rensselaer, mjini Troy, New York, na mpaka leo wanachama wake huwaenzi mashujaa wa Amerika ya Kilatini: Bolívar, San Martín, O'Higgins, Juárez na Martí. Desemba 1975 zikazaliwa mbili katika chuo cha Kean, New Jersey: Lambda Theta Phi ya wanaume na Lambda Theta Alpha ya wanawake. Vyama vya kizazi hiki viliwalenga hasa watoto wa wahamiaji, ambao mara nyingi ndio wa kwanza katika ukoo kukanyaga chuo kikuu, na kazi yao ya kwanza ilikuwa kuhakikisha wenzao wanamaliza digrii. Historia hiyo ndiyo inayoeleza karibu kila kitu kinachofuata.

Kwenye sororiti kongwe, kuingia ni shughuli ya msimu. Msichana hujiandikisha mtandaoni wakati wa likizo, hulipa ada ambayo kwa kawaida hairudishwi, kisha kwa siku kadhaa hupita nyumba moja baada ya nyingine akizungumza na wenyeji dakika chache chache. Kila raundi orodha inapungua: wao wanamchuja, naye anawapanga kwa kadiri anavyowapenda. Mwisho kompyuta inalinganisha orodha za pande zote mbili. Kosa linalojirudia kila mwaka ni kuandika jina moja tu, lile la chama chenye sifa, wakati bado una nafasi kwingine. Likikukosa unatoka mikono mitupu. Jingine ni kusaini fomu ya mwisho bila kuisoma. Ukishasaini kisha ukaukataa mwaliko uliopewa, huruhusiwi kujiunga na sororiti nyingine ya mfumo huo chuoni hapo mpaka msimu mkuu unaofuata. Wavulana wana utaratibu mlegevu zaidi: wiki za mwanzo za muhula huwa na chakula, michezo na maongezi, na anayependwa hupewa mwaliko.

Kwa Walatino hakuna anayekuja kukuvuta. Chama hutangaza mkutano wa maelezo, na wewe ndiye unayetakiwa kuonekana pale, na kwenye kazi zao za kujitolea na mijadala yao, mpaka wakujue. Kisha inakuja fomu, nakala ya matokeo ya masomo na usaili. Matawi mengi yanataka uwe umeshamaliza angalau muhula mmoja, kwa hiyo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayesubiri kuitwa mwezi Septemba anasubiri bure. Wanaokubaliwa pamoja, labda watatu, labda wanane, huitwa safu. Kwa wiki kadhaa hujifunza historia ya chama, majina ya waasisi na masuala ya Amerika ya Kilatini, na kila mmoja hupewa namba yake katika safu.

Hapa ndipo sura zinapotofautiana zaidi. Vyama kongwe huwaapisha wanachama wapya faraghani, mlango umefungwa. Walatino nao wana siri zao, lakini baada ya kiapo huwatoa wapya hadharani: safu inatembea kwa hatua moja, nguo sare, nyuso zimefunikwa, wanatamka historia kwa sauti moja, kisha wanafunuliwa mmoja mmoja. Mtindo wa kupiga hatua na makofi waliurithi kwa fraterniti za watu weusi, wakauongezea salsa, merengue na bachata. Wazazi na mabibi huja. Mgeni akumbuke jambo moja: safu ikipita ikicheza, usiikate katikati, wala usiige ishara zao za mikono au miito yao. Kwao huo ni utovu wa adabu, na hawacheki.

Fedha. Tawi kongwe kwenye chuo kikubwa cha kusini laweza kupita wanachama 300, likiwa na jumba, mpishi na mlezi wa nyumba. Gharama ya yote hayo iko kwenye ada, hata kwa asiyelala humo, na kwa muhula mmoja inaweza kuzidi dola elfu moja. Tawi la Kilatino kwa kawaida halina jumba. Hukutana kwenye chumba cha maktaba au sebuleni kwa mtu. Lakini mzazi asidhani ni rahisi kihivyo. Bima na michango ya makao makuu hugawanywa kwa watu wachache, na malipo ya kujiunga hudaiwa kwa mkupuo.

Uchache huo una adha nyingine isiyosemwa sana. Tawi lina watu watano. Wawili wanahitimu, mmoja anakwenda kusoma nje muhula mzima. Waliobaki wanagawana uenyekiti, uhazini, ripoti za chuo na maandalizi ya sherehe, na alama zinaanza kushuka. Mwanafunzi wa viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni, hana nafasi ya kuacha somo, maana lazima abaki na mzigo kamili wa masomo. Kabla hajakubali, aulize tawi lina watu wangapi watakaokuwepo mwakani.

Kuhusu mateso ya kumkaribisha mgeni, yale ambayo kila aliyekuwa njuka bwenini anayakumbuka, hakuna upande ulio safi. Kwenye vyama kongwe hatari kubwa ni pombe ya kulazimishwa. Kwenye vya Walatino na vya watu weusi malalamiko huwa zaidi ya vipigo, kukeshwa usiku na mazoezi ya kuchosha. Makao makuu yote yanayakataza, na majimbo mengi yanayahesabu kuwa kosa la jinai. Sheria ya shirikisho iliyosainiwa Desemba 2024 inavitaka vyuo vitangaze hadharani vyama vilivyopatikana na hatia hiyo. Taarifa hizo huwekwa kwenye tovuti ya chuo, na mzazi aliyeko Tanga au Kisumu anaweza kuzisoma kabla ya kutuma hata dola moja.

Vyama hivi vya Walatino hupokea watu wa asili yoyote, na Kihispania kwa kawaida si sharti.

Mshauri wa wanafunzi waendao ng'ambo,
Arusha