Barua ya malalamiko: lango la saa kumi na moja alfajiri

Mabawa, Tanga
16 Julai 2025

Kwa Meneja,
Kampuni ya vituo vya kulelea watoto mchana,
Tanga.

Ndugu Meneja,

YAH: MTOTO WANGU KUACHWA KWA MLINZI, NA KUFUTWA KWA MAPOKEZI YA ALFAJIRI

Mimi ni mama wa mtoto wa kiume wa miaka miwili na miezi minne, aliyeandikishwa kituoni kwenu tangu Januari mwaka huu. Nafanya kazi kiwandani, njia ya kwenda Segera, shifti ya asubuhi inayoanza saa 12:00 kamili. Basi la wafanyakazi hupita njia panda ya kwetu saa 11:20 alfajiri, na dereva hasubiri mtu kwa sababu naye ana wenzangu wengine wa kuwachukua hadi Kange. Baba wa mtoto ni dereva wa lori. Akiondoka na mzigo hurudi baada ya wiki mbili, mara nyingine tatu.

Nayaeleza haya mapema ili mjue nilichokuja kununua kwenu. Sikuja kwa ajili ya michoro ya ukutani wala bembea. Vituo vyenye bembea nilivipata vingi, na vyote nilivyopita vilifungua saa 1:00 asubuhi, wakati mimi nimeshasimama kwenye mashine saa nzima. Nilizunguka Desemba yote, kila Jumapili na kila siku niliyotoka kazini mapema, nikiuliza swali moja tu: mnafungua saa ngapi? Bango lenu ndilo pekee lililosema, kwa herufi nyekundu, "Tunapokea watoto kuanzia saa 11 alfajiri". Nilipolisoma nilisimama palepale barabarani nikamshukuru Mungu.

Fomu niliyotia saini inasema ada ya mwezi ni shilingi 80,000, na nyongeza ya mapokezi ya alfajiri ni shilingi 30,000. Inasema pia kwamba mtoto atapokelewa na "mlezi wa zamu". Nimelipa kila mwezi kabla ya tarehe 5, na risiti zote saba ninazo.

Nataka kuwa mkweli: miezi mitatu ya kwanza sikuwa na neno. Langoni alikuwepo mlezi mtu mzima ambaye watoto walimwita Bibi. Mama yule alijua kupokea mtoto. Nilikuwa nafika na mwanangu mgongoni, amefungwa kanga mbili, bado amelala. Bibi hakumwamsha wala hakuwasha taa kubwa. Alikuwa ananyoosha mikono, namgeuzia mgongo, anamtoa polepole huku akimsemesha kwa sauti ya chini ili akizinduka asikie sauti anayoijua. Kisha ananiuliza mambo matatu: usiku amelala vipi, amekunywa nini, amechemka? Anamgusa shingo mwenyewe kuhakikisha. Godoro lilikuwa limeshatandikwa chini ya chandarua. Mchana nilipokuja kumchukua nilikuta ameandikiwa kwenye daftari dogo: ameamka saa 12:40, amelia kidogo, amekunywa uji kikombe kimoja. Mimi nikiwa kwenye basi nilikuwa naweza kufumba macho hadi kiwandani. Sijui kama mnaelewa kwamba huo usingizi wa dakika ishirini nao nilikuwa nimeulipia.

Mwezi wa nne, masika yalipoanza kushika, Bibi hakuonekana tena. Hakuna aliyetuambia kaenda wapi. Tangu hapo lango likawa la kubahatisha. Nilianza kuandika kwenye daftari langu, si kwa kutafuta ugomvi. Nilitaka kujua kama ni mimi ninayekuja mapema. Mwezi wa Mei nilimleta mtoto asubuhi 25. Lango lilifunguliwa saa 11:00 asubuhi 14 tu. Siku nyingine lilifunguliwa saa 11:15, siku nyingine saa 11:40, na mara mbili nilisimama kwenye mvua chini ya mwavuli mmoja na mama mwingine, wote tukiwa na watoto mgongoni, tunapiga simu ambayo haipokelewi. Mara 5 basi liliniacha. Kila mara nilikodi bodaboda kwa shilingi 6,000. Jumla yake ni shilingi 30,000, sawa kabisa na nyongeza niliyowalipa ninyi mwezi huohuo. Na kazini nimepewa barua ya onyo kwa uchelewaji, ya kwanza tangu niajiriwe.

Hata hayo ningeyavumilia. Kilichonifanya niandike barua hii ni asubuhi ya Jumanne, 10 Juni.

Siku hiyo lango lilifunguliwa kwa wakati. Aliyefungua alikuwa mlinzi. Akaniambia mlezi yuko njiani, anafika sasa hivi. Basi lilikuwa limebakiza dakika chache, nikamkabidhi mtoto, nikakimbia. Nilipofika njia panda nikagundua nimebaki na mfuko wenye dawa yake ya kikohozi. Nikarudi. Nilimkuta mwanangu ndani ya kibanda cha mlinzi, ameketi kwenye benchi, amevishwa koti la mzee yule, macho makavu, kimya. Mtoto wangu huwa analia akiamka. Ule ukimya ulinitisha kuliko kilio. Chini, karibu na miguu yake, palikuwa na jiko la mkaa linawaka, na mlango wa kibanda ulikuwa umeegeshwa kwa sababu ya baridi ya kipupwe. Mkaa ukiwaka kwenye chumba kisichopitisha hewa hutoa sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu husinzia tu, na mtoto mdogo huwahi kuzidiwa kabla ya mtu mzima. Hata bila sumu hiyo, jiko lilikuwa kwenye usawa wa mkono wake.

Mzee wa watu simlaumu hata kidogo. Alivua koti lake mwenyewe kumfunika mwanangu. Aliniambia maneno ambayo nawaomba myasome kama alivyoyasema: "Mama, mimi nimeajiriwa kulinda geti. Mtoto akilia sijui nimfanyeje, na nikimbeba nikazunguka naye geti linabaki wazi." Nilimuuliza ni mara ya ngapi. Akasema tangu Bibi aondoke, siku nyingi ni yeye. Mlezi hufika saa 12:30.

Kwa hiyo kwa zaidi ya mwezi nilikuwa nakabidhi mtoto kwa mlezi wa zamu ambaye hakuwepo, na kila mwezi napewa risiti inayosema alikuwepo.

Mchana wake nilimwona msimamizi wa kituo. Alinijibu kwa upole, lakini jibu lenyewe limekaa moyoni kama mwiba. Alisema watoto wa alfajiri ni wanne tu, na kwamba saa hizo "wanalala tu", kwa hiyo kuweka mlezi kwa ajili yao ni hasara. Ndugu Meneja, mtoto anayefika alfajiri ndiye anayehitaji mtu kuliko wote. Ametolewa kitandani usingizini, amepitishwa gizani, na akifumbua macho hamwoni mama yake. Hapo ndipo homa iliyoanza usiku hujitokeza, hapo ndipo hutapika maziwa akiwa amelala chali, hapo ndipo huinuka na kutafuta mlango. Brosha yenu inaitaja Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ile iliyozinduliwa na serikali Desemba 2021 kwa watoto wa mwaka 0 hadi 8. Mmeandika kwamba mnafuata nguzo zake, pamoja na malezi yenye mwitikio, na ulinzi na usalama. Mwitikio maana yake mtoto akiita, mtu aitike. Mwanangu saa 11:30 angeita, angeitikiwa na nani?

Kuhusu hasara, nimepiga hesabu. Watoto wanne kwa shilingi 30,000 ni shilingi 120,000 kwa mwezi, na nakubali fedha hizo hazitoshi kumlipa mtu mzima mshahara wa haki. Basi mngetuita mkatuambia. Mji huu umejaa watu wanaoanza kazi kabla jua halijatoka: wauguzi, wapishi wa hoteli za Raskazone, akina mama wanaowahi samaki, makondakta wa kike. Tungewatafutia wazazi wengine wanne. Mimi ningekubali hata kuongeza 10,000. Badala yake mliendelea kupokea fedha yetu na kumwondoa mtu tuliyekuwa tunamlipia.

Msimamizi alinishauri pia nitafute dada wa kazi. Nimeshawahi kuletewa. Niliyeletewa mara ya mwisho alikuwa binti ambaye alitakiwa awe darasani, na sheria ya nchi haimruhusu mtoto wa chini ya miaka 14 kuajiriwa. Nilimrudisha kwao kwa nauli yangu. Siwezi kumlea wangu kwa kumwachisha shule wa mwenzangu.

Sasa nije kwenye la wiki hii. Jumapili, 13 Julai, saa 3:10 usiku, mlituma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la wazazi: kuanzia kesho yake mapokezi yataanza saa 1:00 asubuhi, "kwa ajili ya kuboresha huduma". Nilikuwa nimeshampigia pasi nguo za kesho. Saa 3:10 usiku ya Jumapili mzazi anampigia simu nani? Nilipouliza kuhusu nyongeza ya Julai niliyokwisha kulipa, nilijibiwa kwamba ada ikishalipwa hairudishwi. Hairudishwi hata kama huduma yenyewe imefutwa na aliyeiuza?

Jumatatu nilimwacha kwa jirani yangu anayepika vitumbua. Ndiye mtu pekee mtaani kwetu aliyekuwa macho saa hiyo, na yuko macho kwa sababu yuko kazini. Alimlaza kwenye mkeka nyuma yake, yeye akiwa mbele ya mafuta yanayochemka, anageuza vitumbua kwa mkono mmoja na mwingine anausogeza nyuma kupapasa kama mtoto bado yuko. Jana na leo imekuwa vilevile. Hilo ndilo lililo gumu katika saa hii: aliye macho ana kazi mkononi, na asiye na kazi amelala. Hata Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inauhesabu usiku kuwa unakwisha saa 12:00 asubuhi, na mfanyakazi wa usiku huongezewa angalau asilimia 5 kwa kila saa. Mimi naanza kazi usiku unapokwisha kisheria, kwa hiyo ile saa na nusu ya kuamka, kumbeba na kumkabidhi mtoto haimo kwenye hesabu ya mtu yeyote. Ilikuwa kwenye hesabu yenu tu, na mliiandikia risiti.

Ninachodai ni hiki. Kwanza nirudishiwe shilingi 30,000 za Julai, zote, na shilingi 60,000 za Mei na Juni, miezi ambayo kwa maneno ya mlinzi wenu mlezi wa zamu hakuwepo siku nyingi. Za Januari hadi Machi sizidai hata senti. Bibi alizifanyia kazi. Aprili nawaachia. Nataka pia barua yenye saini yenu inayoeleza nani alikuwa na dhamana ya watoto kati ya saa 11:00 na saa 12:30 tangu Bibi aondoke, na jiko la mkaa liondolewe kwenye kibanda kile leo, si kesho, kwa ajili ya mzee mwenyewe pia. Na kama mnaweza kurudisha mapokezi ya alfajiri, yarudisheni na mtu wa kulea, mtu mzima, anayelipwa kwa saa hizo, na mzazi apewe taarifa ya mwezi mmoja kabla ya kubadili chochote. Kama hamwezi, lishusheni bango. Leo asubuhi limo palepale na herufi zake nyekundu, na kuna mama mwingine atalisoma akashukuru kama nilivyoshukuru mimi.

Vituo vya kulelea watoto mchana vinaendeshwa kwa leseni chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, kwa hiyo nakala ya barua hii naipeleka kwa Afisa Ustawi wa Jamii, Jiji la Tanga. Nimeona niwaambie mapema, msije mkasikia kwa mtu mwingine.

Nitafika ofisini kwenu Ijumaa, 18 Julai, saa 9:00 alasiri, nikitoka shifti. Nitakuja na risiti, fomu na daftari langu. Naomba meneja mwenyewe awepo. Na kama mnajua alipo Bibi, naomba mnipe namba yake au mmpe yangu.

Wenu,
(saini)
Mama wa mtoto wa mapokezi ya alfajiri

Nakala: Afisa Ustawi wa Jamii, Jiji la Tanga