Kabla hujasema mkanda wa mapigo umekufa

Jumatatu asubuhi dukani kwetu hapa Arusha ni zamu ya mikanda ya kupima mapigo ya moyo. Watu wametoka kuendesha baiskeli Jumamosi na Jumapili, huyu amefika Usa River na kurudi, yule amepanda Monduli, na anayeingia na mkanda wa kifua mkononi huwa na neno lilelile: "Fundi, hiki kitu kimekufa." Tunamkaribisha kiti, tunamwomba simu yake, tunafungua orodha ya Bluetooth. Mara nyingi ugonjwa uko pale pale. Mkanda ni mzima kabisa, ila umeshikwa na simu.

Mikanda mingi ya siku hizi hutuma mapigo kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni ANT+, na hiyo ifikirie kama redio: mkanda unatangaza, na kila kifaa kilicho karibu kinachojua lugha hiyo kinasikiliza, hata viwe kumi. Ya pili ni Bluetooth, ambayo inafanya kazi kama kupigiana simu. Mmoja akishapokea, wa pili anakuta laini inatumika. Mikanda mipya hukubali vifaa viwili au vitatu kwa Bluetooth, lakini ya zamani kidogo hukubali kimoja tu. Sasa mteja amenunua mkanda, ameenda moja kwa moja kwenye mipangilio ya simu akauunganisha, simu imeushikilia mfukoni, na kompyuta ndogo ya baiskeli iliyo kwenye usukani inatafuta isipate kitu.

Dawa yake ni dakika mbili. Ufute mkanda kwenye orodha ya Bluetooth ya simu, uvae kifuani, kisha uutafute kupitia menyu ya vihisi, yaani vifaa vya kupimia, iliyo ndani ya kompyuta yenyewe. Kama kompyuta inauonyesha mara mbili, mara moja kwa ANT+ na mara moja kwa Bluetooth, chagua ANT+. Na kama mnaendesha kundi, fanya kazi hiyo ukiwa peke yako, usije ukaunganisha moyo wa jirani yako.

Kwa sababu ya mambo kama hayo, mteja mpya anapotuuliza anunue kompyuta gani, sisi tunaanza na mkanda. Watu hupenda kuanza na kioo kikubwa chenye rangi, na tunawaelewa, kinavutia. Lakini kioo kinaonyesha kile tu kilichosomwa, na kikisomwa vibaya, ukubwa wa kioo haukusaidii chochote. Bajeti ikiwa finyu, chukua mkanda mzuri na kompyuta ya kawaida.

Wengi hutujibu kwamba wana saa ya mkononi inayosoma mapigo. Saa inafanya kazi tofauti na mkanda. Mkanda unapokea umeme mdogo wa moyo wenyewe kupitia ngozi ya kifua. Saa inamulika taa ya kijani kwenye mkono na kuhesabu damu inavyopita chini ya ngozi. Ukiwa umekaa, saa inasoma vizuri. Ukiwa kwenye baiskeli umeshika usukani kwa nguvu, kifundo cha mkono kimekunjwa, na barabara ya kokoto inakutikisa, ile taa inachanganyikiwa. Mtu ameshaanza kupanda mlima, anahema, na saa bado inasema 95. Wino wa tatuu pia huizuia taa. Asiyependa kubanwa kifuani tunampa kihisi cha taa kinachovaliwa juu ya kiwiko, sehemu yenye nyama ambayo haitikisiki sana. Kinasoma vizuri kuliko saa, na dada zetu wengi wamekipenda kwa sababu hakigombani na sidiria ya michezo.

Tahadhari kwa wanaonunua mitumba: ipo mikanda ya zamani inayotuma kwa mawimbi ya kilohezi 5, teknolojia ya kabla ya ANT+ na Bluetooth. Unaweza kukuta ni mizima na ina jina la kampuni kubwa, lakini kompyuta ya kisasa haitaisikia hata uifanye nini. Tafuta alama ya ANT+ au Bluetooth kwenye kile kidude cha mbele kinachotuma mapigo kabla hujatoa hela.

Upande wa kompyuta, Garmin, Wahoo, Bryton, iGPSPORT na Magene zote zina modeli zinazosoma ANT+ na Bluetooth, na kwa kazi ya mapigo ya moyo hata ile ya bei ya chini inatosha. Ongeza hela kwa sababu mbili tu. Ya kwanza ni ramani, kama unapenda kwenda peke yako njia usizozijua. Ya pili ni kipimo cha mgandamizo wa hewa cha kupimia mwinuko, na kwa mtu wa Arusha hicho tunakipendekeza, maana hapa hakuna safari isiyo na kilima. Vitufe au kioo cha kugusa? Sisi ni watu wa vitufe. Masika ikinyesha na una glavu, kioo cha kugusa kinaweza kuamua mambo yake chenyewe.

Tukija kwenye kufunga na kuweka takwimu, hapa ndipo tungependa utulie nasi, kwa sababu kompyuta iliyofungwa vizuri lakini ina takwimu zisizo zako inaweza kukufundisha uongo kwa miaka.

Ukiiwasha mara ya kwanza itakuuliza umri. Nyingi huchukua 220, zinatoa umri wako, na kuita jibu hilo kilele cha mapigo yako. Kanuni hiyo ni wastani wa watu wengi, na mtu mmoja mmoja anaweza kuwa juu au chini yake kwa mapigo 10 au zaidi. Tulikuwa na mzee mmoja wa miaka 61, mwendeshaji wa siku nyingi. Kompyuta ilimpa kilele cha 159. Kila akipanda Monduli ilimwonyesha asilimia mia na ushee na kumpigia kengele, hadi akaanza kuogopa na kushuka kusukuma baiskeli. Ipo kanuni nyingine iliyotolewa mwaka 2001, ya 208 kutoa asilimia 70 ya umri, ambayo kwa wazee huwa karibu zaidi na ukweli. Kwake ilitoa 165. Bado haikumtosha.

Tulichofanya ni kipimo cha nusu saa. Kwanza alikwenda kwa daktari wake akaruhusiwa, na hilo hatuliruki kwa yeyote mwenye historia ya moyo au presha, hasa anayetumia dawa zinazopunguza mapigo, kwa sababu zoni za kawaida, yaani ngazi za mapigo kuanzia mwendo mwepesi hadi mzito, hazimfai kabisa. Baada ya kupasha mwili, unaendesha dakika 30 kwa nguvu yote unayoweza kuihimili mpaka mwisho, ukiwa peke yako. Dakika 10 zikipita unabonyeza kitufe cha kuanza kipande kipya, na wastani wa mapigo wa zile 20 za mwisho ndio namba yako. Mzee alipata 162. Yaani juhudi anayoweza kuishikilia kwa muda mrefu ilikuwa juu ya kile ambacho kompyuta ilikiita kilele chake! Tukaandika 162 kama kizingiti, yaani mapigo ya juhudi hiyo ya muda mrefu, tukapanga zoni kwa asilimia zake. Zoni ya 2, ile ya safari ndefu unayoweza kupiga soga, ni asilimia 81 hadi 89, kwake 131 hadi 144. Kengele ikanyamaza, na mlima akaanza kuupanda akiwa juu ya kiti.

Ugumu wa kipimo hiki mjini ni barabara. Matuta, daladala, bodaboda, huwezi kupata dakika 30 bila kusimama. Amka Jumapili alfajiri, au tumia mtambo wa kuendeshea ndani. Na ukikifanya hapa, kumbuka tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mgeni kutoka Dar es Salaam ataona mapigo ya juu siku za kwanza kwa mwendo uleule. Nasi tukishuka Dar, joto na unyevu hupandisha mapigo taratibu saa ya pili na ya tatu ingawa miguu haijaongeza nguvu. Kunywa maji, usidhani mkanda umeharibika.

Ukiwa na kihisi cha kasi kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, weka mzingo sahihi wa tairi kwa milimita. Tairi la 700 kwa 25 ni kama 2105, la 29 kwa 2.1 ni kama 2288. Ukiacha namba ya kwanza kwenye baiskeli yenye tairi la pili, kilomita 50 zitaandikwa 46. Afadhali upime mwenyewe: chora chaki kwenye tairi, kaa juu ya kiti, viringisha mzunguko mmoja kamili, pima.

Namba ikiruka hadi 210 mwanzo wa safari, au ukiwa unateremka na jezi inapepea, huo ni mkanda mkavu. Asubuhi za baridi za Juni na Julai hutokea sana. Lowanisha zile sehemu mbili za ndani kwa maji, hata mate, kabla ya kuvaa. Ukirudi, bandua kidude cha mbele na suuza kitambaa. Ukikiacha kimefungwa, jasho huendelea kukiamsha na betri inaisha kabatini. Betri nyingi ni CR2032, lakini Polar H10 inatumia CR2025, ambayo ni nyembamba zaidi, kwa hiyo soma namba kabla ya kununua. Betri kuukuu usiiache mezani nyumbani kwenye watoto wadogo. Mtoto akiimeza inaweza kumchoma koo ndani ya saa chache, mkimbize hospitali bila kungoja dalili.

Ukitaka tukufungie, njoo na baiskeli, mkanda, na simu yenye chaji na nywila unayoikumbuka. Njoo umevaa na jezi yako ya kuendeshea, maana mkanda tunaupima ukiwa kifuani pako, barabarani, hadi namba itulie.