Shoga yangu wa Tabora, usikubali Nanenane ikuamulie

Shoga yangu,

Za Tabora? Huku Kigoma tuko salama, mama mzima kabisa anakusalimia na anauliza lini utakuja kula migebuka. Voisi noti zako nimezisikiliza zote hadi ile ndefu ya usiku, nikaona bora nikuandikie maana kwa simu tutapiga stori weee halafu la maana tunalisahau. Kwanza hongera mwaya, uprodakti meneja, yaani usimamizi wa bidhaa, si cheo cha mchezo, na hiyo programu ya kununulia asali kwenye vikundi vya wafuga nyuki mkoa wenu uliihitaji siku nyingi. Ila uliposema bosi ameshatangaza inazinduliwa Nanenane hapo Ipuli mbele ya mgeni rasmi, na madeva, wale wanaoiandika programu, kila ukiwauliza wanakujibu "tutamaliza tu dada", hapo ndo nikakaa kitako.

Ntakwambia kitu ninachokiamini kuliko vyote kwenye kazi hii. Kuandika programu si kazi yako, na kuwinda bagi, yaani kasoro za programu, moja moja usiku kucha sio kazi yako peke yako. Kazi yako ni kuwakalisha watu wote mapema, kabla mtu hajachoka na kabla mtu hajakasirika, mkaandika ni vitu gani visipokuwa sawa hamzindui. Mapema ni saa hivi, wiki hii hii. Zikibaki siku mbili mabango yameshachapwa, tisheti zimeshagawiwa, kila bagi itaonekana ndogo, utasikia "hiyo tutairekebisha baadae" na we huna pa kushika. Lakini kama ipo karatasi ambayo bosi mwenyewe aliisoma akaikubali, imeandikwa kwamba mfugaji akilipwa mara mbili au asipolipwa kabisa hatuzindui, kwamba rekodi iliyoingizwa bila mtandao ikipotea hatuzindui, basi siku hiyo hugombani na mtu, unaitoa karatasi mezani mnaisoma wote.

Na mtu asikwambie haya ni matatizo ya huku kwetu tu. Serikali ya Marekani ilifungua tovuti yao ya bima ya afya, HealthCare.gov, tarehe 1 Oktoba 2013, tarehe ilishapangwa na haikusogezwa, na wakandarasi wenyewe walikuja kuliambia bunge la kule kwamba kujaribu mfumo mzima kuanzia mwanzo hadi mwisho kulifanyika kwenye wiki mbili za mwisho tu. Siku ya kwanza waliofanikiwa kujiandikisha hadi mwisho walikuwa watu 6. Nchi nzima shoga, watu 6! Hela walikuwa nazo na wataalamu walikuwa nao. Mi nikiisoma habari ile naona kilichokosekana ni mtu mmoja mwenye nguvu ya kusema bado, akasikilizwa.

Sasa kutesti kwenyewe, yaani kuijaribu programu. Usiridhike na majaribio ya ofisini, ofisini kuna waifai, simu zina chaji na kila mtu anajua abonyeze wapi. Sisi ile programu ya kurekodi mauzo ya dagaa ikiwa hapa Mwanga ilikuwa inapita kila jaribio, tulipoishusha mwaloni Kibirizi ndo tukaona mambo. Mama kapima mzigo wake saa mbili asubuhi, programu inamuuliza muda, anaandika 2 kama mtu yeyote angeandika, mfumo unarekodi saa nane usiku, jioni ripoti inaonesha watu wameuza dagaa wakati mitumbwi bado iko ziwani inavua. Ukienda Kagunga kule mpakani ni balaa jingine, simu inadaka mnara wa Burundi na wenzetu saa zao ziko nyuma yetu kwa saa moja, kwahiyo simu inajirudisha yenyewe, mzigo unapimwa simu ikiwa na saa ya huku, unauzwa ikiwa na saa ya kule, mfumo unaona mauzo yametangulia kupimwa unayakataa. Deva gani angeyaona hayo akiwa kwenye kiti chake? Hata awe mzuri vipi. Ndo maana mi nasema meneja asiyetoka kwenda kwa watumiaji hajatesti bado, hata kama ripoti ya watesta ni ya kijani tupu.

Kwahiyo nenda Sikonge, nenda kwenye vikundi vyenyewe. Chukua watu wachache, Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti na programu, aliandika mwaka 2000 kwamba watu 5 wanatosha kukuonesha matatizo mengi ya matumizi, afu unarekebisha unarudi tena na wengine, na mi nimeona ni kweli ila hao 5 wawe wafuga nyuki kweli kweli, sio binamu wa deva. Mpe simu, tena ya kwake mwenyewe yenye kioo kilichopasuka na bando linaloisha, mwambie "nipokelee ndoo mbili za asali kwa mzee huyu umlipe", halafu unyamaze. Kunyamaza ndo kugumu! Utatamani umuoneshe kitufe. Usimuoneshe. Akikwama andika amekwama wapi na alikuwa anategemea nini kitokee, hayo ndo madini. Na angalia hilo la vipimo, mnauliza kilo wakati mtu anajua ndoo na dumu, hapo kama hakuna mzani kijijini wataanza kukisia na hesabu zenu zote zitakuwa za kukisia.

Tena kutesti sio bagi tu. M-Pesa unayoitumia kila siku, kabla haijazinduliwa Kenya Machi 2007 ilifanyiwa majaribio kuanzia Oktoba 2005 na watu wachache, na lengo lilikuwa wakopaji wa mikopo midogo warudishe marejesho yao kwa simu. Watu walipopewa wakaanza kuitumia kwa mambo yao mengine kabisa, kutumiana hela wenyewe kwa wenyewe. Waliokuwa wanaisimamia wakaliona hilo na huduma ikaja kuzinduliwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani, mwaka 2008 ikaingia na huku kwetu Tanzania. Fikiria wangekuwa wanatafuta bagi tu, wangesahihisha skrini za marejesho mpaka leo. Nasisitiza hili kwasababu inawezekana wafugaji wako shida yao kubwa sio kulipwa kwa simu, labda ni kujua bei ya leo, na utalijua hilo ukikaa nao tu.

Vitu viwili vya haraka nisije nikasahau. Muulize aliyefungua akaunti yenu ya Google Play, lile duka la programu za simu, kama ni akaunti ya mtu binafsi iliyofunguliwa baada ya 13 Novemba 2023, hamruhusiwi kuiweka programu hadharani mpaka muwe na watesta wasiopungua 12 waliojiunga siku 14 mfululizo, na baada ya hapo bado Google wanaipitia, kwahiyo hesabu kurudi nyuma kutoka tarehe 8 Agosti uone mnatakiwa kuanza lini. La pili, msitesti kwa majina na namba za simu za wafugaji halisi, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, tungeni majina.

Halafu siku ya kuzindua yenyewe, kwa upendo wote, msifungulie watu wote kwa mkupuo. Anza na kikundi kimoja, kikikaa vizuri ongeza cha pili na cha tatu. Tarehe 19 Julai 2024 CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, walisambaza apdeti yenye kasoro kwa wateja kwa pamoja, kompyuta za Windows kama milioni 8.5 zikazima, ndege zikalala viwanjani, hospitali zikahangaika. Wao wenyewe baadae wakasema watakuwa wanasambaza kidogo kidogo. Na kabla hamjafungua, jaribuni pia kurudisha toleo la zamani, maana watu wanadhani kurudi nyuma ni salama siku zote. Knight Capital, kampuni ya Marekani ya kununua na kuuza hisa, tarehe 1 Agosti 2012 waliweka programu mpya kwenye seva, yaani kompyuta zinazoendesha mfumo, saba kati ya nane, ile ya nane ikabaki na vitu vya zamani ikaanza kununua na kuuza hovyo, wakaamua kuitoa ile mpya kwenye zile saba, kumbe ndo wakaziwasha na zenyewe zifanye fujo ile ile. Kwa dakika kama 45 walipoteza zaidi ya dola milioni 440. Kwahiyo andika kabisa nani ana ruhusa ya kusimamisha, kwa hatua zipi, na namba yake ya simu, asiwe mtu ambaye siku hiyo yuko jukwaani na mgeni rasmi.

Kuhusu bosi, mi ningekuwa wewe nisingemwambia Nanenane haiwezekani. Ningemwambia sherehe ibaki pale pale Ipuli, na mgeni rasmi abonyeze kitufe chake, lakini kwenye banda wasimame wafugaji wa kile kikundi cha kwanza ambao wameshaitumia wiki kadhaa, waoneshe wenyewe jinsi wanavyolipwa, na vikundi vingine vifunguliwe baadae kwa mpango. Bosi anapata picha zake na wewe unapata muda. Kama akikataa hata hilo, muombe aandike kwa maandishi kwamba ameona vitu vilivyobaki kwenye karatasi na ameamua kuendelea, mara nyingi mtu akiombwa sahihi anasoma upya.

Nitumie hiyo karatasi ukishaiandika hata kama ni rafu, ntaipitia Jumamosi jioni nikishatoka mwaloni. Na nitafutie asali ya Sikonge lita tano, uwape watu wa basi, hela ntakurushia.

Wako wa Mwanga, Kigoma