Hadithi za wavuvi zifuate mwezi na maji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwashauri wanaoandika hadithi fupi za maisha ya pwani. Wengi huwapeleka wahusika wao kuvua dagaa kwa taa usiku wa mbalamwezi. Msomaji wa soko la samaki la Feri au wa Kigamboni, hapa Dar es Salaam, akifika hapo anaacha kusoma. Dagaa hufuata taa penye giza. Mwezi ukiwa mpevu mwanga umetapakaa bahari nzima, samaki hawakusanyiki, na boti nyingi hupumzika siku kadhaa.

Hapo ndipo urafiki unapoonekana. Baharia hana mshahara. Kwenye mauzo ya mnadani hutolewa kwanza gharama za mafuta na barafu, kinachobaki hugawanywa kati ya mwenye chombo na mabaharia. Mwezi ukiwaka hakuna mgawo, ila kodi ya chumba iko palepale. Nani atamkopesha mwenzake unga? Nani atamdhamini kwa mama lishe, deni liandikwe daftarini?

Siku hizo ndizo pia za kushona nyavu na kupiga kalafati, yaani kuziba nyufa za chombo. Wawili wamechuchumaa ubavuni mwa mashua; mmoja anasokota pamba yenye mafuta, mwenzake anaisindilia kwa patasi na nyundo kati ya mbao. Ikikaa legelege, chombo kitavuja. Mazungumzo ya marafiki yawekwe hapo, tafadhali!

Tena mwandishi aangalie maji. Mwezi mpevu huleta bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kupita kawaida, na hapa Dar es Salaam maji hupwa kabisa mnamo saa nne. Kesho yake huchelewa kama dakika 50.

Msomaji wako,
Kigamboni, Dar es Salaam