Vipimo vya ini vya mbwa wako vimepanda: tuanzie wapi?

Wateja wengi wanatupigia simu wakiwa na karatasi ya majibu mkononi, wameona ALT ina alama ya kupanda, na swali la kwanza ni "Daktari, atapona?" Hapo bado ni mapema. Tunataka kujua kwanza kipimo kipi kimepanda, kwa kiasi gani, na mbwa mwenyewe anaishije.

ALT ni kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi za mwili, cha ndani ya seli za ini. Seli zikiumia, kinavuja kwenye damu. Kinatuambia kuna kinacholiumiza ini, lakini hakisemi kama ini limeshindwa kazi. AST, kimeng'enya kingine, hutoka kwenye misuli pia, hivyo mbwa aliyegongwa na bodaboda anaweza kuwa nayo juu na ini lake zima kabisa. Inayotupotezea muda ni ALP, kimeng'enya cha tatu. Hupanda njia ya nyongo ikiziba, ni kweli, lakini hupanda pia kwa mtoto wa mbwa anayekua mifupa, na kwa mbwa aliyepewa dawa za steroidi, kama kumeza predinisoloni au kuchomwa deksamethasoni. Kwa hiyo tutajie kila dawa aliyotumia, hata sindano ya muwasho aliyochomwa na jamaa aliyepita mtaani. Kama ulimpa parasetamoli, ambayo nayo huumiza ini, sema tu, hatugombi.

Kazi ya ini tunaisoma kwingine: alubumini (protini ya damu inayotengenezwa na ini), sukari, bilirubini (rangi ya njano ya nyongo) na kuganda kwa damu. Fizi na weupe wa macho vikiwa vya njano, usisubiri kesho. Ila hata njano haitoki kwenye ini peke yake. Babesia, kimelea kinachoenezwa na kupe, huvunja chembe nyekundu za damu na kuleta rangi hiyohiyo.

Kupe, kwa Dar, ndio tunaowashuku mapema. Ehrlichia, bakteria wanayoieneza, hupandisha vimeng'enya vya ini na mara nyingi hushusha chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda. Wakati wa masika tunafikiria panya, maana mkojo wao kwenye maji yaliyotuama huleta homa ya mgunda (leptospirosisi), ileile iliyozuka kwa watu mkoani Lindi mwaka 2022. Mbwa akishukiwa kuwa nayo, vaa glavu unaposafisha mkojo wake.

Halafu kuna chakula, na hapa wengi hawatuamini. Mbwa wa ulinzi anakula dona na dagaa kila siku, na mara nyingi mahindi yake ni yale yaliyokataliwa na watu: yameota ukungu, yanauzwa bei ya kutupa. Sumukuvu, sumu ya ukungu huo, iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 humwangamiza mbwa vilevile, na kuupika ugali hakuiondoi. Kama wewe huwezi kuula unga huo, na yeye usimpe.

Mbwa anayekula, anayecheza, ambaye ALT yake imepanda kidogo, kwa kawaida tunarudia kipimo baada ya wiki mbili hadi nne. Kikibaki juu, tunapima asidi za nyongo, kuona ini linavyofanya kazi, na kupiga ultrasaundi. Kwa kipimo cha asidi za nyongo, mlete asubuhi akiwa hajala kwa saa 12. Maji anywe tu. Tunatoa damu, tunamlisha, tunatoa tena baada ya saa mbili, kwa hiyo usipange safari ya Kariakoo katikati.