Yah: Malalamiko kuhusu jina la Noble Johnson katika filamu mnazoonyesha

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Huu ni mwaka wa tatu nalipia kifurushi chenu cha filamu za zamani, na sijawahi kuchelewesha malipo.

Kwenye ukurasa wa King Kong ya mwaka 1933, nafasi ya chifu wa kisiwa mmeiandikia "mwigizaji hajulikani". Anajulikana. Ni Noble Johnson, na jina lake limo katika orodha ya waigizaji mwanzoni mwa filamu hiyohiyo mnayotuuzia. Aliyeandaa ukurasa angetazama dakika mbili za mwanzo tu angeliona.

Kosa la pili limeniuma zaidi. Katika The Most Dangerous Game ya mwaka 1932, Johnson ndiye Ivan, mtumishi bubu wa Kikosaki (Wakosaki ni jamii ya wapiganaji wapanda farasi wa Urusi na Ukraine). Ninyi mmemwita "mwigizaji wa Kirusi". Huyo ni Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Missouri mwaka 1881, aliyepakwa rangi aonekane mzungu! Mwaka huohuo alicheza Mnubi katika The Mummy, na mwaka 1924 alikuwa mwanamfalme wa Kihindi katika The Thief of Bagdad. Kujigeuza hivyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, na aliifanya vizuri kiasi cha kuwadanganya hata ninyi. Basi mpeni haki yake.

Tena hakuwa mwigizaji tu. Mwaka 1916 yeye na wenzake walianzisha Lincoln Motion Picture Company, miongoni mwa kampuni za kwanza za filamu za Wamarekani weusi, ili watu wao waonekane kwenye skrini wakiwa na heshima zao. Alikuwa rais wake na nyota wake, huku akiendelea kuhangaikia nafasi ndogondogo kwenye studio kubwa. Mwaka 1918 alijiuzulu, akabaki na hizo nafasi ndogo.

Binti yangu aliyaamini maelezo yenu, akayaweka kwenye kazi yake ya chuo. Ikabidi aiandike upya.

Nimewaandikia mara mbili. Mkanijibu kwamba nafasi ndogo huwa hamzihakiki. Kama hamjahakiki, acheni wazi, msijaze uongo.

Sidai fedha. Naomba kurasa hizo mbili zirekebishwe ndani ya siku 14, na nijibiwe kwa maandishi. Zikibaki zilivyo, nitasitisha kifurushi.

Wenu,
Mteja